Matundu ya Kitambaa cha Pasaka

Mimi huomba kwa picha. Sijui kama inaruhusiwa. Mtu akisimama kanisani akasema Bwana ndiye mchungaji, wenzangu wanasikia maneno, mimi namwona mchungaji mwenyewe akishuka ile milima ya mawe nyuma ya Madinat Sultan Qaboos, hapa Maskati, chupa ya chai mkononi, mbuzi watatu mbele yake. Na ile habari ya Yesu mfufuka kuwachomea wanafunzi samaki, kwangu mimi ilitokea ufukoni Qantab, mahali nilipopelekwa mara moja tu na familia ninayoifanyia kazi. Amechuchumaa pale kwenye mkaa na kanzu nyeupe ya Kiomani, na kichwani amevaa kofia ya kudarizi kama wanaume wote wa hapa. Kila nikimwona hivyo najiuliza swali moja la kipuuzi: ile kofia alishonewa na nani?

Shida ya picha ni kwamba haisikiki. Ibada yetu ya Kiswahili ni Ijumaa mchana, siku ya mapumziko huku, kwenye ukumbi tunaoutumia kwa zamu na watu wa lugha nyingine, na sisi tuna desturi ya kupokezana maombi. Tunakaa duara, kila mtu anaomba kwa sauti, akimaliza anamgusa wa pembeni yake. Kiongozi wetu wa akina mama akianza, huanzia Bukoba akaishia Yerusalemu, na hakuna mgonjwa anayesahauliwa njiani. Zamu ikinifikia mimi, nasema "Bwana asante, amina," namgusa jirani. Watu wanakohoa. Siku moja yule mama alinishika mkono mlangoni akaniambia, "Dada, imani isiyo na maneno itakuja kukukaukia." Nilinuna wiki nzima. Nilinuna kwa sababu niliogopa kwamba ni kweli.

Kwaresima ilipoanza ikatajwa tena aibu yetu ya kila mwaka, kwamba meza ya Bwana haina kitambaa chake, tunaazima cha wenzetu wa ibada ya asubuhi. Nilinyoosha mkono kabla sijafikiri. Nilitaka Mungu aone kwamba ninacho cha kusema. Na yule mama pia aone, nisijitie utakatifu.

Kushona nilifundishwa na Bibi. Bibi ni mama yake baba mwenye nyumba, mzaliwa wa Unguja aliyekuja Maskati na watoto wadogo, na mimi niliajiriwa kumwangalia. Mchana nyumba ikilala, mapazia yamevutwa nusu na kiyoyozi kinanguruma taratibu, yeye hukaa kitandani, mimi mkekani, tukashona kofia za viua. Kazi yenyewe ni hii: unachora nakshi kwa penseli kwenye kitambaa cheupe, unatoboa tundu dogo, unalizungushia uzi mpaka mdomo wake ukaze. Halafu linalofuata. Mchana ule hausogei. Nikifika tundu la thelathini sijui tena kama niko Maskati au niko Kagera chini ya mibuni ya mama yangu, na wala sijali.

Bibi ana sheria mbili tu. Ya kwanza: "Nyuma pawe safi kama mbele. Mbele wanatazama watu, nyuma anatazama Mungu." Ya pili: "Ukishatoboa umetoboa. Uzi nnaweza kuufumua, tundu silifumui."

Kulikuwa na kofia moja ambayo hatukuigusa. Ilikuwa ya marehemu mumewe. Bibi aliiweka sandukuni, akiitoa kuifukiza udi na kuirudisha. Ua lililokuwa juu yake alilibuni mwenyewe alipokuwa mchumba, na hakuwahi kumshonea mtu mwingine ua hilo, hata wanawe. Niliiona mara mbili. Mara mbili zinanitosha, macho yangu ni wezi.

Nilipotandaza kitambaa cha meza chumbani kwangu, penseli ilikwenda yenyewe katikati, likatoka ua lile. Hapo ningeweza kufuta. Nilijiambia nakshi ni kama wimbo, anayeusikia anauimba. Nilijiambia Mungu anastahili ua zuri kuliko yote ninayoyajua. Nilijiambia mengi, nikatoboa. Nikalishona ua lote, nikashona na pindo, na muda wote huo nilikificha kitambaa chini ya mto, jambo ambalo lilipaswa kuniambia kitu.

Zikiwa zimebaki wiki mbili kufika Pasaka, Bibi akasema, "Hebu n'oneshe hicho unachonificha."

Nilikileta. Alikisogeza karibu na macho, akapitisha kidole gumba juu ya ua, taratibu, petali moja baada ya nyingine.

"Hili ua la nani?"

"Lako, Bibi."

"Si langu. La marehemu." Akakishusha magotini. "Wewe mwanangu unampelekea Mungu wako zawadi, unampelekea ua la mume wangu? Lako liko wapi?"

Hakupaza sauti. Angepaza ningejitetea. Masikio yaliniwaka kwa aibu, kwa kumwibia Bibi na kwa lile swali lake. Miaka yote nimewacheka moyoni wanaoomba kwa maneno waliyoyasikia kwa mwingine, na mimi ndicho nilichokuwa nimefanya, tena kwa sindano.

Nilifumua kwa siku tatu, mkekani pale pale, mbele yake. Uzi ulitoka wote, matundu yakabaki, duara zima la matundu matupu katikati ya kitambaa. Niliyalowesha maji, nikayasugua kwa ukucha. Yalinywea kidogo, hayakuziba. Kitambaa kingine ningekipata sokoni Matrah, lakini siku za kushona pindo upya sikuwa nazo.

Siku ya nne nilifumba macho nikangoja. Nilidhani nitaona kitu kikubwa. Yakaja maua ya kahawa. Mvua ikinyesha nyumbani, baada ya siku chache kila tawi linajaa maua madogo meupe, harufu yake inaingia hadi jikoni, halafu yanapukutika. Mama yangu alikuwa akinichapa mikono nikiyachuma. Hakuna aliyewahi kunifundisha kuyachora. Niliyachora kuzunguka lile duara, nikaanza kutoboa.

Sijawahi kuomba vile. Kila tundu lilikuwa na mtu wake: mama yangu, binti yangu niliyemwacha kwa dada, Bibi na goti lake. Hata yule mama wa kanisani alipata lake, ingawa nilimpa la pembeni.

Siku moja kabla ya ibada ya Pasaka, Bibi akaniomba kitambaa. Kwanza alikigeuza nyuma, akatazama sana. Kisha akageuza mbele.

"Hapa katikati mbona hujajaza?"

"Hapo ni pa marehemu, Bibi. Nimepaacha."

Akachukua mkasi wake mdogo, akakigeuza tena nyuma, akakata kiuzi kimoja nilichokisahau, akanirudishia.

Kesho yake kilitandikwa mezani, na ubao wa meza ukaonekana kwenye yale matundu ya katikati. Kiongozi wetu alikipapasa. "Kazi nzuri, dada. Ila hapa hukumalizia."

"Nimemaliza, mama."

Zamu yangu ilipofika nilisema, "Bwana asante, amina," nikamgusa jirani. Walikohoa kama kawaida. Safari hii sikuona haya.

Niliporudi nyumbani Bibi alikuwa ameketi kitandani, ananingoja bila kutaka ijulikane kwamba ananingoja.

"Wamekipenda?"

"Wamesema kina matundu."

"Wametazama mbele hao." Akacheka kidogo, akaiinua sindano kwenye mwanga wa dirisha, akawa anatafuta tundu lake la uzi. "Na huyo uliyemshonea, kasemaje?"

"Hajasema kitu, Bibi."

Uzi ukapita. Akauvuta mpaka mwisho.

"Marehemu naye hakuwa akisema kitu," akasema. "Akivaa tu."