Litungu Limekazwa

Juzi kambini Robanda, ninakopikia wageni, mzee mmoja wa Tarime alikuwa akikaza nyuzi za litungu, ile ala yetu Wakurya, kabla ya kuwapigia. Ule mlio wa uzi unaovutwa, unapanda, unapanda, unakaribia kukatika, ulinifanya niweke mwiko chini. Nilikumbuka kijijini kwetu Susuni, nikiwa darasa la tano.

Mwalimu Rhobi alikuwa akitufundisha misemo ya Kiingereza iliyotokana na majina ya ala za muziki. Tulijifunza kwamba Mwingereza anayejisifu hupuliza tarumbeta lake mwenyewe, na aliye chini ya mwenzake hupiga fidla ya pili. Fidla hatukuwahi kuiona, ila tuliikariri hivyo hivyo. Ndipo akatuuliza, "Na sisi Wakurya je? Nani ana msemo wa nyumbani?"

Jamani, nilipenda sifa mimi. Nilinyoosha mkono nusura nianguke. "Litungu limekazwa," nilisema. "Maana yake baba amerudi na hasira. Mama akisema hivyo, tunakimbilia kwa bibi na kufunga mlango."

Wenzangu walicheka. Mwalimu hakucheka.

"Na mama naye hukimbia?"

"Hapana, mwalimu. Yeye hubaki."

Nilikuwa nikiamini kila nyumba ya Susuni ina msemo ule. Nilipoona hakuna hata mmoja anayeujua, nikatambua ni wetu peke yetu, na kwamba nimetoboa siri ya nyumba.

Jioni mwalimu alifuatana nami hadi nyumbani. Njia nzima nilimwomba Mungu avunje daraja. Baba alikuwa uani akitia jembe mpini. Mama alimenya muhogo bila kuinua macho. Nilijua baba akisikia niliyoyasema, mama ndiye atakayeumia.

"Ghati amefundisha darasa leo," mwalimu alisema baada ya salamu.

Baba akaliweka jembe chini. "Amefundisha nini?"

Mwalimu alivuta kigoda, akakaa taratibu.

"Kiingereza, Baba Ghati. Ila bado kinamsumbua. Ukiniruhusu, nitakuwa napita jioni kumsaidia."

Nani angemkatalia mwalimu? Alikuja mwaka mzima, saa ileile baba aliyozoea kurudi kutoka kilabuni. Mbele ya mgeni baba aliona haya. Jioni nyingi alikula kimya, akalala. Si zote, sitawadanganya. Mimi nilinung'unika, maana kwa Kiingereza nilikuwa wa kwanza darasani.

Nilikuwa mtu mzima nilipomwomba mama msamaha kwa kutoa siri ile. Alikuwa akipepeta ulezi. Akasimamisha ungo, akaniangalia kwa mshangao.

"Ghati, kwani ni lini niliwakataza kusema?"

Niliitafuta siku hiyo kichwani, sikuipata. Mama alikuwa ametupa maneno mepesi, ambayo hata mtoto angeweza kuyabeba, kisha akangoja mmoja wetu ayafikishe kwa watu.