Fremu ya Saizi Yangu

Nauza dawa za mifugo mjini Tarime, na kazi hiyo imeniharibu. Nimeshika chupa nyingi zilizobandikwa lebo mpya juu ya lebo ya zamani, na nimesikia wafugaji wakiapa kwamba ng'ombe kaanza kuumwa jana wakati kidonda kinanuka toka mlangoni. Siku hizi mtu akinisifia kitu, swali langu la kwanza ni anataka nini. Kwa hiyo Jumamosi ile, mwenzetu wa Kerende alipoishusha baiskeli mpya kutoka kwenye pikapu yake, wengine walipiga mluzi, mimi nikaanza kuizunguka kimya kimya.

Tulikuwa waendesha baiskeli wanne, na mwanamke nilikuwa peke yangu. Kulikuwa na mwalimu wa fizikia wa sekondari, na fundi baiskeli wa Sirari ambaye amekulia pande zote mbili za mpaka. Sisi watatu tulikuwa tunatoka Tarime alfajiri hadi Kerende, na pale tunamkuta wa nne, mnunuzi wa dhahabu, tunakunywa chai na chapati kabla ya kurudi. Yeye ndiye mwenye hela. Baiskeli zetu sisi ni za mitumba, chuma na alumini, zilizovuka Sirari zikiwa vipande vipande zikaungwa na fundi wetu huyo huyo.

Hii mpya ilikuwa kaboni tupu, nyeusi, bila hata maandishi makubwa. Bomba la chini lilikuwa pana na bapa. Bomba la siti lilikuwa limekatwa kwa nyuma likafuata mzunguko wa gurudumu, tairi likajificha humo. Rimu zilikuwa nene, kiganja kizima. Waya wa breki au wa gia hukuuona hata mmoja.

"Wee! Hii ni mashine," fundi alisema, akiwa ameshapiga magoti. "Cheki hii kitu. Waya zote zimeingia ndani ya usukani. Upepo haina pa kushika."

"Upepo haugongi fremu," mwalimu alisema. "Unamgonga aliyepanda. Kifua, mabega, na hayo majaketi yenu yanayopepea. Mtu akitaka spidi apunguze tumbo kwanza."

Alimtazama mnunuzi wa dhahabu tumboni, tukacheka wote, na mwenyewe akacheka.

Mimi niliuliza waya ukikatika humo ndani unatengenezwaje. Fundi akanijibu kwamba unafungua usukani mzima. Nikauliza nani wa kufungua usukani mzima hapa kwetu. "Si mimi niko, dada?" akasema, lakini macho aliyaondoa haraka. Kitu usichoweza kukiona kikiharibika sikipendi, na sikumficha.

Basi kila mmoja akaanza kuishuku kwa namna yake. Fundi alishuku ni feki, akatoa sarafu na kuigonga fremu toka mbele hadi nyuma huku akitega sikio. Alisema feki ziko mob, tele, huko upande wa pili wa mpaka, ila hii sauti yake ni moja, iko sawa. Mwalimu alishuku bei, halafu kwa utani wetu wa Tarime akauliza kama ilivushwa usiku pamoja na ng'ombe. Mwenye mali alitabasamu tu. Alisema ni mpya, imetoka dukani Nairobi, na hajawahi hata kuikalia.

"Na mbona nguzo ya siti imeshakatwa?" fundi aliuliza. Alitueleza kwamba nguzo ya namna hii huja ndefu, fundi anaikata kwa urefu wa mwenye baiskeli, na ikishakatwa haiongezeki. "Hii imekatwa fupi, mura, kaka yangu. Wewe ukipanda, magoti yatakugonga kidevu."

"Walikosea saizi," mnunuzi wa dhahabu alisema. Kisha akanigeukia. "Labda imfae dada. Jaribu, dada."

Hapo machale yakanicheza. Huyu ni mtu anayepima dhahabu kwa mizani inayoona hata chembe ya vumbi. Sijawahi kusikia amekosea kipimo kwa hasara yake. Leo anunue fremu ghali kuliko zote zilizowahi kupita barabara ile, akosee saizi, na kosa lenyewe liangukie kwenye miguu yangu?

Lazima niseme wazi jambo hili, maana wa mbali anaweza kuona nakuza mambo. Kwetu msichana hapokei kitu kikubwa kutoka kwa mwanaume kisha akasema ni urafiki. Kitu kikubwa hufuatwa na wazee, na wazee hufuatwa na ng'ombe wa mahari. Mnunuzi yule alikuwa na mke tayari, nyumba yenye geti, na aliwahi kutuambia kwenye chai hiyo hiyo kwamba mwanamke akishaolewa akipanda baiskeli apande ndani ya geti. Mwalimu alicheka siku ile. Mimi sikucheka, nikaendelea na chapati yangu.

Niliipanda hata hivyo. Nitasema nini? Nilikuwa nimeitamani toka ilipoguswa na jua. Mguu ulifika kwenye pedeli pale pale unapofika kwenye baiskeli yangu, bila kuongeza wala kupunguza, na mikono ikaangukia usukani bila kutafuta. Nikashika barabara ya kushukia Mto Mara. Asubuhi ile upepo ulikuwa wa mbele, ule unaokufanya uiname na kulaani. Niliinama, na baada ya muda nikagundua kwamba silaani. Kelele za upepo zilikuwa zimepungua masikioni. Nilikanyaga, ikaenda, nikakanyaga tena, ikaenda zaidi, na mbuzi wa watu wakabaki nyuma kabla sijawaogopa. Nilicheka kwa sauti barabarani peke yangu. Mwalimu na fizikia yake alikuwa amekosea, au amekosea kidogo, na sikuwa na haja ya kumwambia.

Niliporudi, mwenye mali hakuniuliza ninaionaje. Alisema, "Kaa nayo. Mpaka mashindano ya Mugumu yapite. Ukishinda, tutaongea." Mashindano yenyewe ni madogo tu, ya kuzunguka mpaka bwawa la Manchira na kurudi mjini. Fundi akaanza kukoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani. Mwalimu akatazama barabara. Wote wawili walikuwa wameelewa, na hakuna aliyenitetea, jambo lililonikasirisha kuliko hata maneno ya yule mwingine.

Nilimwambia asante, nitafikiri. Nikaiegemeza ukutani na kupanda ya kwangu.

Njia nzima ya kurudi Tarime nilikuwa nahesabu watu wanaojua vipimo vya baiskeli yangu. Urefu wa siti yangu haujulikani kwa kuutazama, na mnunuzi hakuwahi kuigusa baiskeli yangu. Fundi anaujua, lakini fundi alishangaa mbele yangu na si mtu wa kuweza kuigiza. Panapobaki ni nyumbani. Na nyumbani kuna mtu mmoja tu anayekuja dukani kuniazima baiskeli, mdogo wangu wa kiume, ambaye mwezi ule alikuwa ameiazima na kuirudisha imeoshwa. Hajawahi kuosha hata viatu vyake.

Kesho yake nikaenda kwetu Susuni. Nilimwamkia baba, shikamoo, akaitikia akaendelea na redio yake. Mdogo wangu alikuwa nyuma ya nyumba anaziba uzio wa zizi. Zizi lenyewe lilikuwa na ng'ombe wachache mno, na hapo ndipo shida yote ilipokuwa. Kwetu ng'ombe wanaoletwa kwa ajili ya dada ndio wanaomtolea kaka mahari. Mimi nilikuwa nimevuka thelathini bila kuleta hata ndama, na yeye alikuwa na mchumba anayemsubiri.

Nilimuuliza ni nani aliyetoa vipimo vya baiskeli yangu.

Hakujitia hamnazo. "Nilipima kwa kamba ya ndama," alisema. "Toka pedeli mpaka siti. Na pale mbele pia."

"Kwa hiyo unaniuza."

"Nani anauza, dada? Mchumba wangu ana mimba. Baba yake kila tukikutana mnadani ananiuliza ng'ombe wako wapi. Nimjibu nini? Kwamba dada yangu anaendesha baiskeli?"

Nilimwonea huruma, na huruma ikanizidishia hasira. Nikamwambia kwamba hata kama ni hivyo, mwanaume mwenye nia husema nia yake. Angekuja na wazee wake mchana kweupe, nami ningemkatalia mchana kweupe, watu wote wakasikia, yakaisha. Uoga gani huo wa kutumia fremu?

Mdogo wangu aliweka panga chini.

"Usimsingizie," alisema. "Yeye alitaka kuleta ng'ombe moja kwa moja. Mimi ndiye niliyemkataza. Nilimwambia ng'ombe utawakataa hata wakijaa uwanja huu wote. Nikamwambia, mletee baiskeli. Akiipanda mara moja tu, mengine yatakuwa rahisi."

Niliondoka Susuni bila kunywa chai. Jumatatu nilimtumia fundi ujumbe amwambie mwenye ile fremu kwamba siitaki. Jumamosi iliyofuata sikwenda Kerende. Nilipanda chuma changu kuelekea Sirari peke yangu, upepo ukinipiga kifuani, na kwenye kila kilima nilikuwa naiwaza ile nyeusi, jinsi ilivyokuwa inakwenda. Hilo la kunitafutia mume nimeshamsamehe mdogo wangu. La kunijua kiasi kile, bado.