Siku Niliyomwacha Mtoto Yesu Kwenye Tela

Hii habari pale Ulaya (Ulaya yetu ya Kilosa, msije mkaniuliza viza) kila mtu anayo, na kila anayeisimulia ananiongezea tope, kwa hiyo leo naitoa mwenyewe na aibu yake yote, angalau mcheke kilicho cha kweli.

Mwenzenu nilikuwa na mchumba, Masanja, fundi pikipiki kule Mikumi, ila kwao ni wafugaji wa hapahapa Ulaya, na mama yake alishasema wazi kwamba haendi kumposea mwanawe binti anayekimbia ng'ombe. Mimi ni fundi cherehani, nimekulia nyuma ya duka la vitenge Kilosa mjini, ng'ombe nimezoeana naye akiwa kwenye sufuria, lakini siku Mama Masanja aliponiuliza, "Binti, ng'ombe unawajua?" mdomo ukajibu kabla ya akili: "Nawajua sana mama, nimekua nao." Akanitazama tu. Akasema atakuja kuniona kwenye maandamano ya Krismasi, halafu ndipo ataamua kama washenga waje kwetu au wakae.

Maandamano yenyewe kanisa lilipanga kila kundi lipambe chombo chake, tutoke kanisani mpaka uwanja wa soko, na sisi vijana tukaazimwa trekta na tela na Mzee Saidi, jirani yetu Mwislamu ambaye pilau la Krismasi hajawahi kulikosa hata mwaka mmoja. Tukakubaliana kutengeneza zizi la Bethlehemu. Mwenyekiti wa mapambo mimi (nilijiteua mwenyewe, nani angenikatalia), Mariamu pia mimi, na mtoto Yesu akawa Shija, mtoto wa miezi sita wa dada yake Masanja, maana nilishapiga mahesabu yangu kwamba bibi akiona nimempakata mjukuu wake, moyo utalainika wenyewe.

Ningeishia hapo ningekuwa salama, lakini mimi nikataka theluji. Katibu wetu wa vijana akaniuliza Bethlehemu theluji ilianguka lini, nikamwambia aangalie kadi za Krismasi. Tukajaribu pamba, upepo ukaigawa kwa majirani, ndipo nikakumbuka chumvi, nikaenda duka la pembejeo nikakuta gunia la chumvi nyeupe ya chengachenga, muuzaji akaniuliza, "Ng'ombe wako wangapi?" Na kwa kuwa uongo huo nilishauzoea nikajibu, "Ishirini," wala sikujiuliza kwa nini anauliza. Tukapaka gundi ya unga wa ngano kwenye maboksi, tukamwaga chumvi juu yake, jua lilipopiga tela zima likang'aa, nikanogewa, nikanyunyiza na kwenye mtandio wangu na kwenye blanketi la mtoto, mpaka Mzee Saidi akalamba kidole akasema, "Binti, mbona hii ni chumvi ya mifugo?" Nikamwambia theluji haina kabila.

Tukaondoka tunaimba. Ngoma ya kwaya ilikuwa imepasuka, kwa hiyo wenzangu wakawa wanagonga debe, na debe lile lililia kwelikweli. Kumbe (hili nimelijua baadaye, kama kawaida yangu) kwa akina Masanja ng'ombe wanaitwa kwenye chumvi kwa kugonga debe. Na sisi tunakaribia uwanja wa soko, watu wamejaa, Mama Masanja amesimama mbele na kanga mpya, ndipo kundi lao la ng'ombe likawa linatoka mtoni kunywa maji. Niliona masikio yakisimama, halafu wakaja mbio.

Mzee Saidi akasimamisha trekta. Wakatuzunguka wakaanza na kuta, wakalilamba zizi la Bethlehemu kuanzia mlangoni mpaka nyota ikaanguka. Yusufu wetu, mwimbaji wa besi mwenye kifua kama mlango, aliruka wa kwanza, na hilo sijui kwa nini hakuna anayelisimulia, lakini tuyaache. Mimi nilijikaza, nikamlaza Shija horini ili nishike vizuri ubao, na hapo dume mmoja mwenye pembe ndefu akaingiza kichwa akanilamba sikio pamoja na mtandio, ulimi ule jamani ni msasa, na sikumbuki kuamua chochote, nilijikuta tu niko mbele kwenye trekta, juu ya bati linalofunika tairi, nimemkumbatia Mzee Saidi shingoni.

"Binti," akasema kwa upole, "mtoto yuko wapi?"

Nikageuka. Shija alikuwa palepale horini, peke yake, dume anamlamba kichwa taratibu, naye anacheka. Mtu akasema, "Mariamu kamkimbia Yesu," na soko zima likaangua kicheko, ila mimi sikucheka, maana yule hakuwa Yesu wa maigizo, alikuwa mtoto wa watu niliyekabidhiwa mkononi.

Mama Masanja akapita katikati ya ng'ombe akiwapiga makofi mgongoni kama anapita sebuleni kwake, akapanda, akamchukua mjukuu wake, akamfuta kwa ile kanga mpya. Aliponifikia akasimama.

"Kwamba ng'ombe huwajui, nilijua siku ileile," akasema. "Hilo mtu anafundishwa. Mtoto je?"

Nililia palepale juu ya trekta na mavazi yangu ya Mariamu, na Masanja aliyekuwa anawafukuza ng'ombe akaniambia, "Ester, si ungeniuliza tu mimi." Habari ya washenga hakuna aliyeitaja.

Kesho yake nikaenda kwao bila kuitwa. Nikapiga magoti, "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba." Nikamweleza yote, hata wale ishirini wa dukani. Akanisikiliza mpaka mwisho, akampokea Shija kwa mama yake, akaniwekea mikononi, akanipeleka hadi mlango wa zizi, maana jua lilikuwa linashuka na ng'ombe wanarudi, akaniambia nisimame hapo. Wakaja wote. Nilimkumbatia yule mtoto, nikafumba macho.

"Fumbua," akasema. "Utamlinda vipi na kitu usichokiona?"

Nikafumbua. Wakapita kushoto na kulia, mmoja akaninusa mkono, nikatetemeka mpaka Shija akadhani nambembeleza, akalala. Lakini sikusogea. Zizi lilipofungwa mama akamchukua mjukuu wake bila kunisifu hata kidogo.

"Mwambie baba yako tutakuja Januari," akasema. "Na kila Jumamosi unakuja hapa kukamua."

Basi ndoa nimeipata, kukamua nimejifunza, ng'ombe bado nawaogopa na wala sifichi. Siku hizi nikiulizwa jambo nisilolijua nasema sijui, papo hapo, hata kama anayeuliza ni mama mkwe na wageni wamejaa ukumbini. "Sijui" haijawahi kumwacha mtoto wa mtu peke yake.