Baba Mkwe Aliketi Njia ya Moto, Nami Nikanyamaza

Baba ya mke wangu alikatwa mguu kwa sababu yangu. Huku kwetu kila mtu anasema ni kwa sababu ya kichwa ngumu yake mwenyewe. Hivyo ndivyo nilivyowaambia, wakaamini, na mpaka leo nimewaacha waamini. Majina nimeyabadilisha. Mengine yote ni vile yalitokea.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, pembeni mwa mji wa Nyamira. Milango na madirisha kila fundi anafanya. Kilichonipa jina ni kazi ingine, ile tunaita gauji. Unachukua kijiti cha kaboni kilichopakwa shaba, unakiwasha kwa umeme mwingi, chuma kinayeyuka pale pale, halafu hewa ya kompresa inakipuliza kile kilichoyeyuka kitoke. Kwa hiyo ndiyo tunaondoa weldi mbovu ya fundi mwingine, ama tunafungua ufa kwa chuma kizito ndio ushonwe upya.

Sasa elewa kitu kimoja. Kuchomelea kwa kawaida kunarusha cheche ndogo ndogo zinazokufa njiani. Gauji inarusha chuma chenyewe, kikiwa maji, kikisukumwa na upepo wa mashine, na kinaenda mbali kuliko unavyodhani. Kelele yake bila vizibo vya masikio unarudi nyumbani kichwa kinalia. Moshi wake una shaba ndani. Kioo cha kuchomelea mlango hakitoshi, unahitaji cheusi zaidi. Unavaa ngozi mwili mzima, suruali inashukia juu ya kiatu, kamwe haiingii ndani ya kiatu. Na mbele, kule upepo unakoelekea, hakukai mtu. Unaweka bati la kuzuia, unaweka ndoo ya mchanga na ya maji, unafukuza watu.

Mimi hayo yote nilijua. Nilifunzwa vizuri na nilikuwa mkali nayo. Siku moja nilimfukuza afisa mzima wa kaunti, na tai yake, akaondoka akinitukana. Kwa hivyo mtu asiniambie ati ni ujinga. Ungekuwa ujinga ningelala usingizi.

Baba mkwe wangu ni mkulima wa chai kule Gesima. Mzee mtaratibu, mzee wa kanisa, na ana trekta kuukuu na trela yake ya kubebea watu mawe na kuni. Wakati nilipeleka habari ya kuoa Kemunto, nilisikia kwamba mzee aliuliza kama kweli binti yake amesoma aende kwa mtu wa kuchoma mageti. Hakuniambia mimi. Hangeweza kuniambia mimi, na mimi singeweza kumjibu.

Wakisii watanielewa hapa. Kwa wasio Wakisii, kuna kitu tunaita ensoni. Ni heshima, lakini ni heshima yenye aibu ndani yake. Baba mkwe humtanii. Humpi amri. Humwambii ondoka hapo, keti pale. Hugusi mwili wake, na kumuona bila nguo ni jambo ambalo hata kulitaja naona vibaya. Yeye naye anakuchunga hivyo hivyo. Mkiwa na neno la kuambiana, mnatafuta mtu wa katikati alipitishe.

Basi ule mkono wa trela yake, ile chuma nene inayoshikana na trekta, ukapasuka. Ulikuwa umeshashonwa vibaya mara kadhaa na mafundi wa huko. Mzee akauleta kwangu. Kwangu mimi. Haki nilijiona nimefika. Nilisema leo atajua binti yake aliolewa na nani.

Alikuja amevaa vile mkulima wa chai huvaa asubuhi ikiwa na umande. Gambuti ndefu, vile viatu vya mpira, na suruali ya nailoni, ile ya michezo ya mitumba, ameiingiza yote ndani ya gambuti. Mama Moraa, mama wa kibanda cha chai jirani yangu, akamwamkua na kumpa kiti. Mzee akakichukua kile kiti, akakiweka mbele kabisa, palepale moto ungeelekea. Bati langu la kuzuia lilikuwa limeegemezwa ukutani nyuma yake. Ili nilichukue, ilibidi kwanza yeye ainuke.

Nikajaribu kuzunguka. Nikamwita Tata, yaani baba, nikamwambia, "Tata, hapo kuna jua."

"Jua nimelizoea," akasema.

"Hata moshi utakuja upande huo."

"Moshi nao nimeuzoea. Wewe fanya kazi."

Nikanyamaza. Maneno yalikuwa matatu tu, Tata sogea pale, na hayakutoka. Na unajua kinachoniuma zaidi? Mama Moraa alikuwa hapo karibu, akipuliza jiko lake. Ningemuita kando nimwambie, mama, nisaidie mwambie mzee ahame. Ndivyo mila yenyewe inavyotaka. Mzee angeinuka bila neno, na hakuna heshima ingevunjika. Sikumuita kwa sababu, ukweli ni huu, nilitaka mzee akae mahali ataona vizuri. Ensoni ilinifunga mdomo, lakini majivuno ndiyo yaliyokaza kamba.

Nikampa ngao ya mkononi ya kufunika uso, ile ya kawaida, nikamwomba asitazame bila hiyo. Nilifikiria macho yake peke yake. Nikavaa ngozi yangu yote, nikaziba masikio yangu, nikashusha kioo changu kizito. Mimi nilijikinga vizuri sana.

Nikawasha.

Ilikuwa kazi safi. Ile weldi ya zamani ilikuwa inatoka kama gome, na mimi ndani ya ile kelele nikiwa nafurahia mikono yangu. Sikusikia kitu. Ukiwa umeziba masikio na ile mashine inanguruma, mtu anaweza kuitwa na kijiji kizima na asijue. Kilichonisimamisha ni harufu. Harufu ya mpira ukiungua.

Nikazima, nikainua kioo. Mzee alikuwa ameketi vilevile, ngao usoni, ameishika kwa mikono miwili kwa adabu kama mtoto aliyeambiwa. Na moshi ulikuwa unatoka mdomoni mwa gambuti yake ya kushoto.

Hakuwa amesikia moto. Mzee ana sukari, na sukari ilikuwa imemmaliza hisia za miguu kitambo, kitu ambacho sisi wakwe hatukuambiwa. Chuma cha moto kilikuwa kimeingia ndani ya gambuti kikakaa na mguu wake, na yeye alikuwa ananitazama nikifanya kazi. Akashusha ngao, akaona vile uso wangu ulikuwa, ndipo akaangalia chini. Nailoni ikashika moto. Ikapanda mpaka gotini.

Nikamwaga ndoo ya maji. Moto wa juu ukazimika, lakini gambuti ilikuwa imefungwa na ile suruali, maji hayakuingia. Nikaivuta gambuti, ikakwama. Ya kufanya ilikuwa moja tu, kumlaza chini na kumvua suruali na gambuti kwa pamoja. Mikono yangu ikafika kiunoni mwake. Ikasimama.

Nakuapia, ilisimama. Mtu anaungua mbele yangu na mimi nimepiga magoti nimeshika hewa, kwa sababu ni baba mkwe. Naye, badala ya kunisukuma nifanye haraka, akaishika suruali yake kwa nguvu isishuke. Sisi wawili tulikuwa tunachungana heshima na mguu unapikika.

Nikapiga kelele, "Mama Moraa!"

Yule mama alikuja mbio na sufuria ya maji na kisu cha kukatia sukuma wiki. Akanisukuma kando nikaanguka. Akamtupia mzee leso yake kiunoni, akavuta suruali, akapasua gambuti kutoka juu hadi chini, akamwaga maji, akaitisha mengine, akamwaga tena. Hakuniuliza kitu. Kile kilichotoka ndani ya gambuti sitakielezea.

Hospitalini Kisii, Kemunto alifika mbio kutoka kazini, hata beji hajatoa. Akamuona baba yake, akanigeukia. "Kwani hukumwambia asikae hapo?"

Nikasema, "Nilimwambia. Akakataa."

Lilitoka haraka hivyo. Lile neno lililonishinda kule kazini, hili la uongo halikunishinda hata kidogo. Na mzee alikuwa macho. Alinisikia. Aligeuza uso ukutani, kwa maana atabishanaje na mume wa binti yake mbele ya watu?

Kidonda kilikataa kupona. Sukari ikisaidiana na kuungua, kikaanza kunuka, wakamkata chini ya goti.

Tangu siku hiyo mzee amekuwa mfano. Kanisani wanamwombea, na ndani ya maombi wanaingiza mambo ya utii. Mama mkwe anamwambia, si uliambiwa. Watoto wake wanamwambia. Majirani wanaokuja kumwona wanakunywa chai yake, wanatikisa kichwa, "Lakini omogaka, mzee wetu, fundi si alikuonya?" Yeye anaitikia tu, eeh, eeh. Na mimi wananipongeza ati nina moyo, ninavyompeleka kliniki.

Juzi tulienda kumtazama. Alikuwa ameteleza na magongo akitoka chooni, mvua ilikuwa imenyesha. Kemunto akashikwa na hasira, ile ya mtu anayeogopa. Akamsemesha maneno makali sana. Akamwambia angekuwa amesikiliza siku moja tu maishani mwake, angekuwa anatembea shambani mwake leo, na hatungekuwa tunakimbia Gesima kila wakati kumwokota.

Nilingoja aseme ukweli. Nilikuwa nataka auseme, ili mimi nisiuseme.

Mzee akamwambia binti yake polepole, "Mama, mume wako aliniambia. Ni mimi niliyekataa." Hakunitazama alipokuwa akisema. Alikuwa anarekebisha gongo lake.

Nikatoka nje nikasimama katikati ya migomba nikalia vibaya. Alikuwa amekubali kuitwa mjinga kwa binti yake mwenyewe, ili nyumba ya binti yake isivunjike. Mimi niliogopa kumwambia maneno matatu.

Kazi ya gauji nimeacha. Ile mashine nimeifunika na turubai, na watu wakileta chuma kizito nawaelekeza Kisii.

Wewe fundi unayesoma hii, najua vifaa unavyo ama unavitafuta. Kioo cheusi, ngozi, vizibo vya masikio, kitu cha kuzuia moshi usivute, bati la mbele, ndoo mbili. Vinunue vyote. Lakini kabla ya kuwasha, inua macho uangalie ni nani yuko mbele ya upepo, na amevaa nini miguuni. Kama ni baba mkwe, kama ni pasta, kama ni mwalimu aliyekufunza kusoma, mwambie atoke. Ukishindwa, tuma mtu. Ukikosa wa kutuma, usiwashe, rudi nyumbani. Atakasirika, atasema fundi huyu hana adabu. Mwache aseme hivyo akienda zake kwa miguu yake miwili.

Na sasa neno la mwisho si lako, fundi.

Mke wangu husoma ukurasa huu wa mtandaoni, ambapo watu hutuma visa vyao. Huusoma kwa sauti jikoni, akiwacheka watu na kuwasikitikia. Kemunto si jina lako, lakini mpaka hapa umeshajijua, na huenda umeacha kusoma kwa sauti. Baba yako hakukataa kusogea. Hakuna mtu aliyemwambia.