Viporo vya Vitenge

Hapa kwetu Kumsenga wanawake wakisema wana kikundi, watu wanajua ni cha kuweka na kukopa. Chetu si hicho. Sisi tunakaa tu barazani kwangu kila Alhamisi mchana, mvua inyeshe isinyeshe, kila mmoja na mfuko wake wa kazi iliyomshinda.

Kazi yenyewe ni matandiko ya vipande. Unaokota vile vipande vya vitenge ambavyo fundi cherehani anavifagia jioni, unavikata vilingane, unaunga kimoja kwa kimoja mpaka vinaenea kitanda. Chini unatandaza shuka, katikati blanketi kuukuu, juu vipande vyako, halafu unashona yote matatu pamoja kwa mkono. Ukijifunika hilo, baridi ya huku kwetu inakupita inakwenda kwa jirani. Lakini ni kazi ndefu, we acha tu. Sijui nyumba hapa isiyo na tandiko lililoanzwa vizuri likaishia uvunguni.

Aliyetukusanya ni mke wa bwana shamba. Ni mtu wa Njombe, mume wake kaletwa huku na serikali. Siku moja kaja kwangu kuomba moto, akaona nimetoa mfuko wangu uvunguni naufukuzia panya. Akauliza ni nini. Nikamwambia ni tandiko la mjukuu wangu, nililianza bado anatambaa. Akaniuliza mjukuu sasa yuko wapi. Nikasema yuko Kasulu mjini, anafanya kazi duka la dawa. Alicheka huyo mama mpaka akaweka kaa la moto chini. Akasema mume wake kila siku anasikiliza mpira redioni, na timu ikiwa na mechi ambayo haikuchezwa siku yake wanasema ina kiporo. "Sasa bibi, hicho ni kiporo gani cha tangu mtoto anatambaa? Hicho si kimeshachacha?" Na yeye, kumbe, alikuwa na cha kwake, kakibeba kutoka Njombe hakijafika hata nusu. Jina likashika hapohapo. Viporo.

Tukawa wanne. Mimi na huyo wa Njombe. Wa tatu ni jirani yangu wa mpakani mwa shamba, Mrundi, aliyekaa kambini Mtabila kabla hawajaifunga, akaolewa na mwanaume wa huku akabaki. Mikono yake jamani. Anashona mishono midogo kama mtama, na hasemi kitu mpaka afike mwisho wa uzi. Wa nne ni mjane mmoja aliyezaliwa Titye, mdomo wake mkubwa na mishono yake mikubwa. Mrundi alimwambia siku ya kwanza kwamba anashona kama anafunga gunia la mahindi. Yule wa Titye hakukasirika. Alisema gunia lake halijawahi kumwaga mahindi.

Utaratibu wetu ni mmoja: mikono yote kwenye kiporo kimoja mpaka kiishe, ndipo tunafungua mfuko wa mwingine. Tulianza na cha Mrundi. Alikianza kambini, na shuka lake la chini ni mifuko ya unga wa msaada imeunganishwa, maandishi bado yanasomeka kidogo. Tulipomaliza alikikunja akakiweka mapajani, akakaa nacho. Akasema tu, "Haya, mukecuru, leta chako." Mukecuru ni bibi kizee kwao, ananiita hivyo kwa kunipenda, ingawa yeye mwenyewe meno yamebaki ya kuhesabu.

Basi tukafungua changu.

Hilo tandiko nilitaka liwe la kumsindikiza mjukuu wangu siku ya kuolewa. Huyo mtoto nimemlea mimi, mama yake alikuwa anahangaika na maisha. Kwetu binti haendi kwa watu mikono mitupu, anakwenda na vitu, mikeka, vikapu, mashuka, na watu wa kule wanaangalia kila kimoja wanajua katoka kwa watu wa namna gani. Mikeka na vikapu anaweza kununua yeyote. Mimi nilitaka kwenye hivyo vitu kiwemo kimoja kilichotoka mkononi mwangu, aende nacho. Nilikuwa nimekata mbeleko niliyombebea, nikakata sketi yake ya kwanza ya shule. Halafu zikaja palizi, likaja vuno la maharage, akaja mtoto mwingine wa kulea, goti likaanza. Panya wakala pembe moja. Mambo ya namna hiyo.

Sasa mwaka huu kijana wa watu akapeleka posa Kasulu kwa mwanangu. Mkamwana wangu, ndiye mama yake mzazi huyo mtoto, akanipigia kunieleza kwamba wazee wa kijana wanakuja ndani ya mwezi huohuo kumaliza mazungumzo, na wakishamaliza hawatakawia kumchukua. Kwa hiyo mnaona. Kiporo changu kilikuwa na siku zake sasa.

Hapa inabidi niwaeleze kitu kimoja cha lugha yetu, maana bila hicho hamtanielewa. Kwa Kiha tuna neno ejo. Ejo ni kesho. Na ejo ni jana. Neno lilelile, na Warundi hivyohivyo. Sisi halitusumbui, tunasikia yale maneno mengine yanayolizunguka, tunajua mtu anasema ya mbele au ya nyuma. Lakini mke wa bwana shamba alilijifunza mlangoni kwake. Alimwambia mtu amletee kuni, akajibiwa ejo. Alimwambia fundi aje kuziba bati linalovuja, ejo. Aliyemwahidi mbegu ya migomba, ejo. Kwa hiyo kwake yeye ejo ni kesho, basi, tena ile kesho isiyofika.

Ilikuwa Jumatano, si hata siku yetu. Mke wa bwana shamba alikuja kuazima kinu. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba naosha mihogo, simu nimeiacha dirishani maana huko ndiko mtandao unashika. Ikalia, nikamwambia pokea mwanangu, mikono yangu imejaa maji. Akapokea. Nikamsikia anasema haloo, haloo, ehe, ehe, halafu akaja mbio.

"Bibi, ni mkamwana wako. Inakatakata. Kasema mambo ya mtoto, mwisho kesho."

"Mwisho kesho?"

"Ndiyo. Halafu ikakatika."

Nikapiga, haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani. Umeme wa Kasulu ukikatika na simu za watu zinakufa, hilo halikunishangaza. Na mimi nilikuwa nangojea maneno hayohayo, wazee wanakuja kumaliza. Kwa hiyo wanamaliza kesho. Wakimaliza kesho, mtoto anaweza kuondoka wiki hiyohiyo, na tandiko langu limepigwa bandi tu pembeni, mishono ya kushikiza, katikati lote liko wazi. Nilimwambia yule mama aache kinu, akawaite wenzetu.

Walikuja kama wanakuja msibani. Yule wa Titye aliacha mboga jikoni, Mrundi aliacha kibarua cha kupalilia. Tukalitandaza mkekani, kila mmoja kona yake, tukawa tunashona kuelekea katikati. Mvua ikaja, tukalivuta ndani, tukasogeza kitanda. Bwana shamba alirudi nyumbani akakuta hakuna kilichopikwa, akaja kuchungulia mlangoni. Mke wake akamwambia kwa adabu kabisa kwamba unga uko kwenye ndoo. Akaondoka. Tulisikia baadaye kwamba alisonga ugali, na kwamba ulikuwa uji.

Mnajua wanawake wakishona pamoja maneno hayaishi. Tulimzungumzia huyo kijana wa watu, ambaye hakuna kati yetu aliyewahi kumwona. Tulimpa urefu, tukampa pikipiki. Mrundi akamwambia yule wa Titye apunguze mishono, wakwe wataiona toka mlangoni. Yule akajibu kwamba bwana harusi akilala chini ya tandiko hilo na akawa anaangalia mishono, basi tumrudishe kwao, huyo ni mgonjwa. Tulicheka mpaka sindano ikanichoma.

Kabla jua halijazama lilikuwa limeisha. Mrundi ndiye aliyekata uzi wa mwisho, kwa meno. Tukalishika pembe nne tukalikung'uta, na nawaambia lilikuwa zuri. Jekundu la mbeleko katikati, lile bluu la sketi limezunguka kama ua wa nyumba.

Asubuhi nikalifunga kwenye mfuko wa salfeti niende nalo barabarani kungoja basi la Kasulu. Nimeshajifunga na kitenge cha safari, simu ikalia. Mkamwana.

"Mama, pole."

"Pole ya nini tena? Tandiko liko begani, nakuja nalo."

Akasema, "Mama, si niliagiza? Mwisho ejo. Yameisha. Wale watu wameondoka, hawarudi."

Nikakaa kwenye lile salfeti.

Akanieleza. Wazee wa kijana walikuja Jumanne, mapema kuliko walivyosema. Mazungumzo yakaenda vizuri mpaka mmoja wao akasema kwamba binti akishaolewa duka la dawa basi, atakwenda kukaa kijijini na mama mkwe wake. Mjukuu wangu hakutakiwa kusema kitu pale, lakini alisema. Alisema kazi haachi. Kijana akaulizwa na wazee wake, akaangalia chini. Basi wakanyanyuka. Kilichomuuma mkamwana wangu zaidi ni soda, maana alizifungua zote, na wamezibakiza nusu nusu.

Kwa hiyo wakati sisi tunashona kama tunafukuzwa, jambo lilikuwa limeshakufa tangu jana yake.

Alhamisi yenyewe ndiyo ilikuwa hiyo, wenzangu wakaja kama kawaida, nikawaambia. Mke wa bwana shamba alishika kichwa. Akasema ni yeye kaniponza, angesema neno kama alivyolisikia, wenyewe tungelijua. Nikamwambia asijisumbue, hata mimi ningelisikia ningesema kesho, sikio linachukua linachokitaka. Yule wa Titye yeye alikuwa na jambo lingine. Tandiko la harusi bila harusi, alisema, halikai ndani ya nyumba. Linamfunga binti asiolewe. Ama tulifumue, ama nimpe binti mwingine anayeolewa kweli.

"Oya," Mrundi akasema. Hapana. Akasema hatafumua hata mshono mmoja, na kama linafunga mtu na lifunge.

Walibishana. Mimi nilikuwa nasikiliza huku nafikiri langu. Ya kufunga sikuyaogopa sana. Niliogopa uso wa yule mtoto. Nitampaje? Nimpelekee tandiko la kuolewa mtu aliyeachwa na wakwe juzi, aone bibi yake anamcheka? Na nisipompa sasa, nampa lini? Goti hili na macho haya, sikuwa na uhakika wa siku nyingine. Kwa hiyo nikasema liwekwe uvunguni kwanza.

Lakini lilikuwa limeshika unyevu wa ile mvua, na ukiweka kitu kibichi uvunguni kinaoza. Jumamosi jua likatoka, nikalianika kambani. Nikaingia ndani kuchambua maharage. Nasikia nje mtu ananyamaza. Mnaelewa, mtu akifika anaita hodi. Huyu hakuita. Nikatoka, nikamkuta mjukuu wangu na mkoba wake, kasimama mbele ya kamba, kashika ile bluu kwa vidole viwili.

"Hii ni sketi yangu," akasema.

"Ni yako."

"Lote?"

"Lote lako. Lilikuwa la harusi."

Nilishasema, kauli haikurudi. Nikaanza kumweleza haraka haraka kwamba nitaliweka, au nitampa mtu mwingine, asione vibaya, kuna wanaosema halifai kukaa. Akanisikiliza mpaka mwisho. Huyo mtoto hana haraka, hata mdogo alikuwa hivyo.

"Kwa hiyo bibi, nisipoolewa nilale na baridi?"

Alilitoa kambani mwenyewe, akalinusa, akalibeba ndani. Akalitupia juu ya kitanda kile anacholalia akija, akaanza kunisaidia maharage. Hatukumtaja yule kijana. Alinieleza habari za mwenye duka, za mtu aliyekuja kuomba dawa ya kumfanya ng'ombe ampende bwana wake, na nikacheka kuliko nilivyokuwa nimecheka wiki nzima.

Jioni wenzangu walipita mmoja mmoja, kila mtu na sababu yake ya uongo. Chumvi. Kiberiti. Yule wa Titye alikuja wa mwisho, hakuwa na sababu hata ya uongo, akachungulia chumbani, akaona lilipo. Akaniuliza, "Analichukua?" Nikasema analichukua. Akasema basi nimwambie asilifue kwa maji ya moto, rangi ya mbeleko itachuja.

Usiku baridi ilishuka ile ya kwetu. Asubuhi mjukuu wangu hakuamka. Jogoo aliwika, jirani walipasua kuni, mtoto hajatoka. Nilichungulia, nikaona nywele tu, na tandiko linapanda na kushuka kwa pumzi zake. Nikamwacha. Chai ikapoa, nikaipasha, ikapoa, nikaipasha tena.