Mrushaji Aliyevichukiza Vyama Viwili

Verlin Stuckey alikuwa mtu wa kinyaa. Ukimwambia "mmecheza vizuri" baada ya kufungwa, alikutazama kana kwamba umempa nyama iliyooza. Nimedaka mipira yake miaka mingi katika timu yetu ya besiboli ya Harlow Bend, Indiana, timu ya watu wazima wenye kazi zao, na sijawahi kumwona akimpa mkono mtu aliyemshinda.

Ujanani aliwahi kurusha mpira kwa kulipwa, ligi za chini, mpaka bega likaharibika. Akarudi nyumbani, akafungua karakana ya matairi. Bega halikupona sawasawa, lakini roho ilibaki ileile. Bintiye alipokuwa mdogo alimrushia mipira ya watu wazima, mtoto analia na gongo mkononi, mpaka siku alipoupiga mmoja ukavunja kioo cha jikoni. Verlin akafagia vioo mwenyewe. Kwake hiyo ndiyo pongezi.

Siasa nazo zilimtia kichefuchefu.

"Wanafiki watupu," aliniambia siku moja huku anapachika tairi. "Wa Republican anakunyang'anya shamba huku anasali. Wa Democrat anakuja shamba likishaenda, anakushika bega, anakwambia anayasikia maumivu yako. Halafu jioni wanakula meza moja. Ptuu!"

"Sasa utampigia nani kura?"

"Ninayemchukia kidogo. Na kila mara nakosea."

Mwaka ule wa uchaguzi wa seneti ya jimbo, Orville Dace, mwenyekiti wa kamati ya uwanja, alikuja karakanani anatabasamu kupita kiasi.

"Verlin ndugu yangu, sikukuu ya Uhuru wagombea wote wawili wanakuja uwanjani kwetu. Huelsman wa Republican na Bi Pruitt wa Democrat. Kila mmoja atashika gongo kabla ya mechi. Runinga itakuwepo. Tunataka kuonyesha umoja."

"Na mimi?"

"Wewe uwarushie tu. Laini laini. Waupige, watu wapige makofi, basi."

"Orville, binti yangu wa kumzaa sijamrushia mpira laini. Ndiyo nimrushie Huelsman?"

"Ni mambo ya kufurahisha tu, bwana!"

"Tafuta mtu mwingine."

Dace hakutafuta. Alidhani siku ikifika, mbele ya bendera na umati, Verlin ataona haya.

Siku ikafika. Jua kali, moshi wa soseji, bendera kila mahali. Huelsman akaja kusimama mahali pa mpigaji, amevaa kofia mpya ambayo hata lebo haijabanduliwa. Mimi nimechuchumaa nyuma yake na glavu. Akaniinamia.

"Mwambie mzee aulete katikati, taratibu."

"Mheshimiwa," nikamwambia, "ningekuwa wewe ningelishika hilo gongo vizuri."

Mpira wa kwanza ulimpita karibu na kifua, akarudi nyuma, akakaa vumbini, makalio kwanza. Upande wa Democrat ukashangilia mpaka bia zikamwagika. Mitatu iliyofuata akaikosa yote. Wa mwisho ulikuwa umeshatulia ndani ya glavu yangu ndipo akazungusha gongo. Ukikosa mara tatu, basi, umetoka, kakae. Badala ya kukaa akashika kipaza sauti, akasema yeye hajali kushinda, anajali familia. Verlin akatema mate.

Bi Pruitt akaja anacheka, amemwinulia Verlin kidole gumba. Alidhani amepata mfuasi. Naye akatolewa vilevile, na mpira wa mwisho hata gongo hakulitikisa. Sasa ikawa zamu ya Republican kumwaga bia.

"Nipe mmoja zaidi," akasema Bi Pruitt kwa sauti ya runinga. "Watoto wanatazama."

"Ndiyo maana," Verlin akamjibu. "Nenda ukakae, mama."

Hapo pande zote mbili zikaanza kuzomea kwa pamoja. Dace alikuwa mwekundu kuliko nyanya.

Wiki ileile kamati ikakutana katika chumba cha chini cha kanisa. Hiyo ndiyo kamati iliyogombania taa za uwanja miaka nenda miaka rudi, wa Republican wakisema taa ni kodi, wa Democrat wakitaka kwanza tume ichunguze. Nilisimama mlangoni. Suala la kumwondoa Verlin kwenye timu halikuchukua hata muda wa kikombe cha kahawa. Mikono yote juu. Dace akaliita mwanzo mpya wa maelewano, na watu wazima wenye akili zao wakapiga makofi.

Nikaenda kumpa Verlin habari.

"Wote?"

"Wote."

"Hata wale wasiosalimiana?"

"Wamekula keki pamoja."

Hakupiga kelele. "Wangesema mimi mzee, mkono umekwisha, ningeelewa," akasema. "Lakini kunifukuza kwa kuwa nimecheza?" Akafuta mikono kwa kitambaa chenye grisi, akakitupa ukutani.

Msimu uliofuata akaenda kuirushia timu ya Fenwick, mji wa ng'ambo ya mto, watu tusiopatana nao tangu enzi za babu zetu. Alipotokea na jezi yao ya kijani, Harlow Bend nzima ilimrukia: "Msaliti! Rudi kwenye matairi yako!" Yeye akatema maganda ya mbegu za alizeti, akatutoa mmoja mmoja. Mimi alinitoa mara mbili bila kunitazama usoni. Tulifungwa vibaya, na nilichukia, Mungu anajua.

Mkewe Nadine alikuwa amekaa upande wetu na mashoga zake, amevaa jezi yetu nyekundu, sauti imemkauka kwa kumzomea mumewe. Verlin alipokuwa anapakia vifaa garini, nilimuuliza kama haimuumi.

"Iniume nini? Ana timu yake. Angenishangilia eti kwa sababu mimi ni mumewe, hapo ndipo ningemwona wa ovyo." Kisha akaita, "Nadine! Twende nyumbani!"

"Nenda mwenyewe! Mimi nimefungwa leo, sipandi gari na mtu wa Fenwick!"

Verlin akaingia garini, akaondoka peke yake. Sijamwona ameridhika vile siku nyingine yoyote.