Kwamboka na mche wa ndizi: episode bora na mbovu za Wale wa Anga, na jiwe lililonipeleka Kisii mjini

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Kwanza mnisamehe makosa ya kuandika. Mimi niliishia darasa la nane, na mwandiko wangu ulichekwa hata wakati huo. Afadhali hapa simu inanificha. Naandika na kidole kimoja, kile kingine kina plasta ya kazi, kwa hivyo uzi huu umenichukua muda.

Yote nitakayosema yalinipata mimi mwenyewe. Sijaongeza chumvi.

Nimekuwa humu nikisoma tu bila kucomment. Hata mbele ya watu huwa sisemi sana, nikisalimiwa natazama chini. Lakini niliona uzi wa mwenzetu mmoja akiuliza kuhusu series za zamani za anga, ipi ina episode bora na ipi mbovu. Nikasema hapa hata mimi ninayo ya kusema.

Kwetu ni Tabaka, mahali pa mawe. Tunachonga soapstone, yale mawe laini. Nachonga na baba mdogo, na dada yangu Moraa ndiye anaosha na kupiga msasa hadi jiwe linang'aa. Baba mdogo anaamini soko linataka kitu kimoja duniani, kiboko. Kiboko amesimama, kiboko amelala, kiboko na mtoto wake. Mimi nimechonga viboko mpaka naweza kuvichonga nikiwaza mambo mengine.

Na mambo mengine niliyokuwa nawaza ni Wale wa Anga.

Hilo si jina lake la kweli. Jina la Kizungu lilifutika kwa box ya DVD kabla Bosire hajainunua. Bosire ndiye mwenye chumba cha video pale sokoni. Ni mabati, mabenchi, TV moja na microphone. Series yenyewe ni ya zamani sana na Kizungu chake kinakimbia, kwa hivyo Bosire hupunguza sauti ya TV na kusimulia mwenyewe kwa Kiswahili, akikolea anaingia Kigusii.

Kila mtu wa kwenye chombo alipewa jina la hapa. Kapteni akaitwa Chifu. Ile kompyuta inayoongea akaiita Karani, kwa sababu ukiiomba kitu lazima kwanza ikatae. Fundi wa injini, dada mmoja mrefu wa nywele fupi, akaitwa Kwamboka. Kwetu hilo ni jina la msichana aliyezaliwa mama yake akivuka mto. Bosire alisema huyu naye amevuka mito ya nyota.

Sasa wacha nitoe picks zangu. Mnaruhusiwa kukataa.

Mbovu kabisa kwangu ni ile ya mnyama wa pangoni. Wakuu, zipu ilionekana. Mnyama aligeuka na mgongoni kuna zipu, chumba kizima kiliiona. Bosire akajaribu kutuokoa, akasema hilo ni kovu la vita. Mzee mmoja akajibu kutoka nyuma, "Basi fundi aliyemshona alikuwa wa nguo." Na vidole vyake. Mkono wa kushoto vilikuwa vitatu, akirudi vimekuwa vinne. Mimi ni mchongaji, vidole huwa navihesabu. Hiyo sikuweza kusamehe.

Mbovu ya pili ni ile ambayo Chifu ni mgonjwa, amelala, anakumbuka episode zote zilizopita. Huko ni kutupakulia viporo na kuita ni karamu.

Upande wa nzuri, kuna ile injini inazima na wanakaa gizani wakigawana maji. Hakuna anayeongea karibu nusu ya episode. Bosire naye hakuwa na la kusimulia, akaweka microphone chini. Mvua ikaanza juu ya mabati. Tulikaa na wale watu wa anga, sisi na wao, wote tukisubiri. Naikumbuka hadi leo.

Lakini bora ya zote ni ile ya sayari ya majivu.

Wanashuka kwa sayari iliyoungua. Hakuna mti, hakuna nyasi. Kwamboka anatangulia, ameshika mche wa ndizi mkononi. Chifu anampigia kelele arudi, chombo kinaondoka. Yeye anapiga goti, anauweka ule mche kwenye majivu. Bosire akatusimulia maneno yake: "Nyinyi nendeni. Mimi nimeona mahali pa kulima."

Na kweli, episode iliyofuata Kwamboka hakuwepo. Kiti chake kilikuwa kitupu. Hatukulia, lakini mama mmoja anayeuza mboga nje alisema huyo msichana alilelewa vizuri.

Basi. Hapo ndipo maneno yangu yanapoanzia.

Kuna mama mmoja ana duka la vinyago Kisii mjini, tunamwita Mama Zuhura. Yeye ndiye hununua viboko vyetu. Siku moja alikuja Tabaka akaniuliza kama kuna mtu anajua ile series ya chombo cha anga, maana ana mteja, mwalimu mstaafu wa Sironga kule Nyamira, ambaye aliipenda tangu ujana. Mwalimu amejenga, anataka kinyago cha scene nzuri kuliko zote akiweke sebuleni. Amesema hiyo scene ichaguliwe na mtu anayeipenda series kama yeye.

Moraa akaninyooshea kidole kabla sijajificha.

Baba mdogo hakufurahi. Alisema jiwe la kuchonga mtu, jeupe lisilo na mshipa, ni adimu, halichezewi. Mwishowe akaweka sharti mbele ya Mama Zuhura. Mteja akichukua hiyo kazi, nitachonga nitakacho kuanzia hapo. Akikataa, narudi kwa viboko na nisimsumbue tena na habari za nyota.

Nikakubali kwa kichwa tu.

Nilimchonga Kwamboka amepiga goti. Nilianza na panga, nikaja kisu, nikaja tupa. Kazi ngumu ilikuwa ule mche. Jani la ndizi likifunguka ni jembamba, kwa jiwe litavunjika ukilipumulia. Nikaenda shambani nikaangalia mche mchanga unavyotoka. Jani lake la kwanza huwa limejiviringisha, limesimama kama mkuki. Nikachonga hilo. Jiwe likabaki nene, na jani likabaki kweli.

Moraa alipomaliza msasa na kulimwagia maji ya mwisho, akaniambia huyu mtu anakaribia kuinuka.

Siku ya kupeleka tulienda mimi na baba mdogo. Mwalimu alikuwa amefika, ameketi dukani na kofia magotini. Mama Zuhura akafungua gazeti tulilofungia.

Mwalimu akasogea. Uso akaujua mara moja, akasema, "Huyu ni Luteni, fundi wa injini." Halafu akainama karibu na ule mkono. "Na hii ni nini amebeba?"

Nikasema ni ndizi. Sauti ilitoka kidogo.

"Ndizi."

"Mche wa ndizi, Mwalimu. Kwa sayari ya majivu. Anabaki kulima."

Mwalimu akacheka, si kwa ubaya, lakini alicheka. Akasema ameiangalia hiyo episode mara nyingi na hakuna ndizi humo, wala hakuna mtu anayelima. Akatoa simu, akaitafuta, akatuwekea.

Wakuu, kwa mara ya kwanza nilimsikia Kwamboka kwa sauti yake mwenyewe. Alikuwa anaongea haraka. Mkononi alikuwa na bomba refu, limechongoka juu, ni kifaa cha kupima hewa. Alipiga goti, akalichomeka chini, likalia pii, akainuka akarudi kwa chombo pamoja na wengine. Mwisho.

Nilitamani sakafu ya duka inimeze.

Baba mdogo akasema polepole, "Si nilikwambia kiboko. Kiboko hakuna mtu huuliza amebeba nini."

Mama Zuhura akajaribu kunisaidia. Akauliza kama ule mche naweza kuupunguza uwe bomba, ni kukata kidogo tu pembeni. Nikaangalia. Ingewezekana. Jani lile limejiviringisha, ukilipiga tupa mara chache ni bomba safi. Mwalimu angechukua, sharti lingetimia, na mimi ningekuwa huru.

Kisu kilikuwa mfukoni. Sikukitoa.

Nikasema nataka kwanza kumpigia Bosire. Sijui hilo wazo lilitoka wapi, mimi hata simu huwa naogopa kupiga. Nikaiweka kwa loudspeaker, nikamuuliza Kwamboka alikuwa ameshika nini siku ile ya majivu.

Bosire akasema, "Ndugu yangu, mimi niliona kama ndizi."

"Lakini kwa simu ya Mwalimu anarudi kwa chombo."

"Hapo DVD yangu ina mkwaruzo, hukwama akiwa amepiga goti. Halafu episode ya mbele hayuko. Nikaangalia box yote, hayuko. Chifu hamtaji, Karani hamtaji. Na ninyi mmejaa hapo kwa benchi mtaniuliza msichana ameenda wapi. Ningesema nini? Nikampa shamba."

Mama Zuhura alijifunika mdomo na leso yake, nafikiri alikuwa anacheka.

Lakini Mwalimu hakucheka. Alikuwa ameshavaa kofia aondoke, sasa akaivua tena.

Akatuambia kwamba kwake yeye, episode mbovu kuliko zote si ya mnyama wa zipu. Ni hiyo inayofuata majivu. Alikuwa kijana alipoiona mara ya kwanza, na alimsubiri Luteni atokee mpaka mwisho. Hakutokea. Baadaye wakaweka mtu mwingine kwa kiti chake na hakuna aliyesema hata pole. Alisema waliuliza sana, yeye na wenzake waliokuwa wanaifuata, na hakuna aliyewahi kuwaambia alienda wapi.

Akageuza kile kinyago taratibu, akalishika lile jani kwa kidole.

"Hili bado halijafunguka," akasema.

Nikamjibu, na safari hii sikutazama chini, "Ndiyo, Mwalimu. Ndio kwanza amepanda."

Akamwambia Mama Zuhura akifunge kama kilivyokuja, na mtu yeyote asiukate huo mche.

Baba mdogo alitangulia kutoka nje. Mimi nilidhani amekasirika. Tukatembea, tukapita wauza ndizi pale sokoni. Akasimama mbele ya mkungu mmoja, akautazama kama mtu asiyewahi kuona ndizi maishani. Halafu akaniuliza, Chifu naye alikuwa mtu wa namna gani. Mnene au mwembamba.

Nikamweleza njia yote mpaka nyumbani. Sijawahi kuongea na baba mdogo hivyo.

Kesho yake nilikuta jiwe jeupe kubwa, ambalo alikuwa amelificha nyuma ya nyumba chini ya magunia, limewekwa mahali pangu pa kazi. Alikuwa ameketi upande wake anachonga kiboko. Mchongaji wa jirani akapita akauliza hilo jiwe zuri ni la nini. Baba mdogo akajibu bila kuinua macho, "Ni la huyu. Huyu huchonga watu."

Wakuu, sijui mnajisikiaje mkisifiwa. Mimi niliinama nikajifanya natafuta tupa.

Sasa kwa hilo jiwe namchonga Chifu na Karani na wengine, wamekaa gizani wakigawana maji. Baba mdogo ametengeneza kikombe. Alisema vikombe ni vyake, mimi nishughulike na nyuso. Bosire naye amewaambia ukweli watu wote wa benchi, lakini tulipoirudia episode ya majivu walimkataza kubadilisha. Alijaribu kusema ni kifaa cha kupima hewa, yule mama wa mboga akamwambia arudishe ndizi.

Nilichojifunza ni kidogo. Kitu ukikipenda ukiwa umekielewa vibaya, usikimbie kukitupa siku unayoambiwa ukweli. Kiangalie kwanza. Pengine kuna mtu amekaa miaka mingi akikosa hicho hicho ulichoongeza.

Kwa hivyo pick yangu ya bora inabaki sayari ya majivu, ya Bosire, yenye mche. Na mbovu nimebadilisha. Ya zipu nimeisamehe. Mbovu sasa ni ile ya kiti kitupu, nimekubaliana na Mwalimu.

Ninyi nanyi niambieni zenu, za series yoyote ya zamani ya anga mliyoiona, hata kama mliona kwa TV ya jirani kupitia dirishani. Ipi bora, ipi mbovu, na nani mlimpenda akapotea bila kuaga. Na kama kuna mtu aliwahi kusikia Kwamboka alienda wapi kwa kweli, aandike hapa chini, nitamsomea Mwalimu.

Tafadhali msinyamaze. Nitajibu kila mmoja, ila polepole, kwa hiki kidole kimoja.